Miaka 150 ya St. Olaf inahesabiwa kuanzia 1874

Kuna mtu kauliza kama St. Olaf College, chuo kilichopo mji wa Northfield, Minnesota, Marekani, wamekosea kusherehekea miaka 150 mwaka 2024, maana yeye kaona mahali kwamba kilianza 1889. Hapana, hawajakosea, ilitimiza 150 mwaka 2024 kwa sababu wanahesabu kuanzia tarehe 6 Novemba 1874, siku ambayo mchungaji Bernt Julius Muus na wenzie, wahamiaji wa Kinorwei hapo Minnesota, walisaini karatasi za kuianzisha. Hiyo 1889 aliyoiona ni mwaka jina lilipobadilika likawa College, kabla ya hapo ilikuwa inaitwa St. Olaf's School, shule ya kawaida tu ya watoto wa wakulima, wavulana na wasichana pamoja, na hilo kwa enzi zile halikuwa jambo dogo. Masomo yenyewe yalianza Januari 1875, kwa hiyo mtu akitaka ubishi anaweza kuanzia hapo pia, ila siku ya waasisi wanaiadhimisha Novemba 6. Mdogo wangu kasoma pale Northfield, kila Novemba alikuwa anatuma picha za hilo jengo lao la Old Main juu ya kilima na kulalamika baridi, halafu anasema upepo ukigeuka mji mzima unanukia uji, kumbe kuna kiwanda cha nafaka.