Marubani na chama: fomu kwanza, kelele baadaye

Sisi ni marubani wa kampuni ndogo hapa Uwanja wa Ndege wa Wilson. Meneja anasema hatakitambua chama cha wafanyakazi hadi sote tujiunge. Ni kweli? (Rubani, Lang'ata)

Anakuzungusha, Kapteni. Kifungu cha 54 cha Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007 kinataka zaidi ya nusu tu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga wawe wanachama. Wanaostahili wakiwa 20, 11 wanatosha. Ugomvi utakuwa kwenye hiyo 20: leo meneja atawaongeza wasiostahili ili nusu iwe mbali, kesho aseme fulani amepanda cheo, si wa chama tena. Pateni orodha mapema. Kisha kila mmoja atie sahihi Fomu S, ile inayoruhusu ada ikatwe kwenye mshahara. Mwajiri akishaipokea ana siku 30 za kuanza kukata. Mikono mliyoinua kwenye kibanda cha chai haina uzito mahakamani, karatasi ndizo zenye uzito. Akikataa bado, mzozo huenda kwa msuluhishi, halafu Mahakama ya Ajira na Leba.

Nikijiunga na chama, naweza kufutwa kazi? (Asiyetaka jina, Embakasi)

Kwa kosa la kujiunga tu, hapana: Sheria ya Ajira inakataza. Ila mwajiri mjanja hataandika "chama" kwenye barua, atatafuta kosa lingine. Weka nakala za barua zako nyumbani, si kwenye kabati la ofisi.

Mimi ni abiria tu. Marubani wanaruhusiwa kugoma kweli? Si huduma muhimu? (Mama Otis, Donholm)

Wanaruhusiwa, mama. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Kwenye orodha ya huduma muhimu wamo waongoza ndege wa ardhini, marubani hawamo. Lakini lazima usuluhishi uwe umeshindikana na notisi ya siku saba itolewe. Tena mahakama inaweza kuingilia: marubani wa Kenya Airways waligoma tarehe 5 Novemba 2022 wakidai, pamoja na mengine, michango ya hazina yao ya akiba, na siku chache baadaye wakaamriwa warudi kazini. Na siku za mgomo mwajiri halazimiki kuzilipa.

Tumekubaliana nyongeza na usimamizi, tumepeana mikono. Tushangilie? (Kapteni, South C)

Bado. Mkataba wa pamoja, yaani huo wa chama na mwajiri, huanza kufanya kazi ukisajiliwa na mahakama. Ulizeni umepelekwa lini.