Kabla ya haidrojeni, pitisha sumaku

Swali: Nina lundo la mavi ya chuma, yale mabaki ya tanuru la kuyeyushia chuma, haidrojeni itanitolea chuma kiasi gani?

Mavi ya tanuru gani sasa? Nimechoka kulirudia hili. Yanayotoka kwenye kuyeyusha mawe ya chuma, oksidi ya chuma humo (chuma kilichoshikana na oksijeni) ni kama asilimia 1 au chini, hapo huna biashara. Yale ya kutengeneza chuma pua (feleji ya kawaida, sio ile isiyoshika kutu) ndo yanafika 20 hadi 30, ya tanuru la umeme mara nyingine yanapita hapo. Kapime kwanza ndo uniandikie. Halafu yasage upitishe sumaku, maana matone ya chuma kamili yamenasa mle, kuyachomea haidrojeni ni kuchezea hela.

Swali: Si afadhali makaa?

Makaa yanatoa kaboni dioksidi, haidrojeni inanyang'anya oksijeni inaondoka kama mvuke wa maji, hiyo mnaijua. Msichoambiwa ni kwamba kwenye nyuzi 1,000 hivi zaidi ya nusu ya haidrojeni inapita bila kufanya kazi, lazima ukaushe mvuke uirudishe tena ndani. Na oksidi ya chuma ndo inayafanya mavi yawe mepesi kuyeyuka, kwa hiyo kadiri unavyoitoa yanazidi kuwa mazito kama uji uliopoa, unaongeza moto, na ukikazana sana fosforasi nayo inahamia kwenye chuma chako. Chokaa iliyomo kwenye mavi wala usiihofie, haidrojeni haiiwezi.

Swali: Mbona Wajerumani wameweza kutoa chuma kwa haidrojeni kwa dakika 10?

Wale watafiti wa taasisi ya Max Planck kule Düsseldorf, 2024, walitumia matope mekundu ya viwanda vya alumini, sio mavi ya chuma, tena kwa plasma (gesi ya moto mkali mno inayopitisha umeme) yenye haidrojeni asilimia 10 tu. Kazi nzuri sana, ila someni mpaka chini jamani.

Swali: Naweza kujaribu nyumbani?

Hapana. Haidrojeni inalipuka ikiwa asilimia 4 mpaka 75 ya hewa, na moto wake mchana huuoni.

Swali: Gharama je?

Tani 1 ya chuma kutoka kwenye oksidi iliyo kwenye mavi inakula kilo 36 za haidrojeni kwa hesabu ya karatasi, ukiipata kwa kupasua maji ni kama yuniti 1,800 za umeme, bado hujapasha tanuru. Ukinunua ile ya gesi asilia, kila kilo imeshatoa kilo 9 au 10 za kaboni dioksidi huko ilikotoka, sasa usije kuniambia chuma chako ni cha kijani.