Muulize Kocha: Wakigombana wao kwa wao

*Kocha, washambulizi wangu wawili hawasemezani tangu Pasaka. Nimtimue mmoja? – Meneja, Jericho*

Wanapasiana? Basi waache. Andy Cole na Teddy Sheringham walikaa miaka Manchester United bila kuamkuana, na mwaka 1999 wakabeba vikombe vitatu: ligi, FA na Ulaya. Hukuajiriwa kufungisha ndoa.

*Ushindani ndani ya timu ni mzuri au mbaya? – Kayole*

Hili nimelijibu mara ya tatu sasa. Mazoezini mzuri, siku ya mechi sumu. Kateni mlibandike ukutani.

*Vijana wangu hunyang'anyana mpira kila tukipata penalti. Wana utoto? – Umoja*

Wewe ndiwe mwenye kosa, na nasema kwa uchungu kwa sababu niliwahi kuwa wewe. Tulikuwa Camp Toyoyo, dakika za lala salama, sare. Penalti! Mmoja kaukumbatia mpira kama mtoto mchanga, mwingine anauchomoa kwa kucha. Kipa wao anakunywa maji, anatabasamu. Mkwaju ukapaa juu ya mwamba, na yule aliyenyimwa nikamwona akificha kicheko kwa jezi.

Kumbe mwenyekiti wetu alikuwa amemwahidi mfungaji bora viatu vipya, na mimi sikuwa nimemtaja mpigaji kabla ya mechi. Tuliwatega wenyewe, kisha tukawaita watovu wa nidhamu. Mtaje mpigaji na naibu wake mbele ya wote, na zawadi iwe ya timu nzima. Na enyi wenyeviti, marupurupu ya siri yameua timu nyingi mitaani kuliko majeraha.

Ukipuuza, kumbuka Newcastle, Aprili 2005: Bowyer na Dyer walitwangana wao kwa wao wakiwa wamelazwa 3-0 na Aston Villa. Wote wawili, kadi nyekundu.

*Mbona wanariadha wetu hushindana wenyewe na bado tunashinda? – Ngong*

Athens 2004, mita 3,000 kuruka viunzi na maji: Kemboi dhahabu, Brimin Kipruto fedha, Paul Koech shaba. Kila mmoja na medali yake shingoni. Uwanjani mpira ni mmoja, ndugu yangu. Usilinganishe.

*Kocha wetu huwalaza wanaochukiana chumba kimoja kambini ili wapatane. Ni sawa? – Kawangware*

Ufunguo wa akiba anao nani?