Kabla ya Kuongeza Dawa ya Pili ya Kifafa: Kwa Matabibu Wapya wa Kliniki

Katika kliniki za kifafa za hospitali zetu za wilaya mtakuta kadi zinazoonyesha fenobabitoni na kabamazepini zikiandikwa pamoja mwezi baada ya mwezi, na mkimuuliza mgonjwa ya pili iliongezwa kwa sababu gani, yeye naye hajui. Ninyi mnaoanza kazi hii nawashauri mwihoji kwanza dawa iliyopo. Je, mgonjwa huimeza kila siku, au iliisha kabla ya tarehe ya kliniki na nauli haikupatikana? Je, kipimo kimepandishwa hadi kuanguka kukome au madhara yajitokeze, au bado ni kile alichoanzia? Je, dawa inaafikiana na aina ya kifafa chake? Kabamazepini huweza kuzidisha kifafa cha kuduwaa kwa sekunde chache na kile cha kushtuka ghafla kwa misuli, kwa hiyo kuirundikia nyingine juu yake hakumsaidii mgonjwa wa namna hiyo.

Utafiti wa Kwan na Brodie uliofanyika Glasgow na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba, kati ya wagonjwa 470 ambao hawakuwahi kutibiwa, asilimia 47 waliacha kuanguka kwa dawa ya kwanza, ilhali waliofanikiwa kwa dawa mbili kwa pamoja walikuwa asilimia 3 tu. Hivyo, ya kwanza ikishindwa, mara nyingi ni afadhali kuhamia nyingine badala ya kuzikusanya. Hata hivyo wapo wanaohitaji mbili kwa kweli, na msiwanyime.

Mkichanganya, fikirini ini. Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini huliharakisha katika kuvunja dawa, hata dawa nyingine ikapungua katika damu ingawa vidonge ni vilevile. Valproeti hufanya kinyume: humpandishia mgonjwa fenobabitoni, akaja amesinzia, na ndugu zake wakadhani ugonjwa umezidi. Inayonitia hofu zaidi ni valproeti pamoja na lamotrijini, kwa sababu lamotrijini hukaa mwilini takriban mara mbili ya kawaida, na ikipandishwa haraka huweza kuleta vipele vinavyobabua ngozi na midomo hadi kuhatarisha maisha. Mtu mzima anayetumia valproeti huanzishiwa lamotrijini miligramu 25 siku moja na kuruka inayofuata kwa wiki mbili, kisha miligramu 25 kila siku kwa wiki mbili nyingine. Akitokewa na upele wowote arudi mara moja, asingoje tarehe yake.

Mwanamke aulizwe njia anayotumia ya uzazi wa mpango, kwa kuwa dawa zile tatu za kuharakisha ini hudhoofisha vidonge na vipandikizi, na valproeti huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Anayetumia dolutegraviri, dawa ya kudhibiti virusi vya UKIMWI, pamoja na kabamazepini huhitaji miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Haya hayaonekani kwenye kadi ya kifafa, maana dawa hizo hutolewa dirisha jingine.

Badilisheni kitu kimoja kwa wakati, na mwombeni anayemtunza mgonjwa aweke alama kwenye kalenda kila siku anapoanguka. Ya pili ikileta utulivu, mnaweza kujaribu kuiondoa ya kwanza, lakini polepole. Fenobabitoni hupunguzwa kwa miezi, kwani ikikatwa ghafla mgonjwa anaweza kuanguka mfululizo bila kupata fahamu.