Kwa mwanangu, kabla hujakubali kufundisha

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimetulia. Unasema chuo cha muziki kimekuomba uwafundishe wanafunzi saba wa sauti, siku mbili kwa wiki, na unaniuliza kama mwimbaji wa opera mwenye miaka 31, ambaye wakala wake bado anamtafutia nafasi, akikubali kufundisha atakuwa ameanza kuliaga jukwaa. Ndani ya swali hilo nimeliona na jingine: unataka kujua kama mimi baba yako nilifundisha kwa kupenda au kwa kukosa.

Nilianza kwa kukosa. Ulikuwa na miaka miwili, nami nilikuwa nimefanya mazoezi ya wiki tano kwa ajili ya maonyesho sita, nikashikwa na homa siku ya ufunguzi. Mkataba ulilipa kwa kila onyesho lililoimbwa, si kwa mazoezi, kwa hiyo maonyesho mawili yaliyopita nikiwa kitandani hayakuniletea hata senti. Mwezi uliofuata nilitafuta wanafunzi. Kupenda kulikuja baadaye, na kulikuja kwa njia ya makosa.

Kosa la kwanza lilikuwa kujaza ratiba: saa 25 kwa wiki, na kila mwanafunzi aliyekosea nilimwimbia. Asubuhi nilimwimbia kijana wa besi, sauti ya kiume ya chini kabisa, kwa uzito usio wangu, mchana nikazungumza kwa sauti ya kuushinda mlio wa piano bila kupumzika, kisha jioni nikaenda mazoezini nikitarajia noti za juu za baritoni, sauti yangu ya kiume ya kati, zinisubiri pale nilipoziacha. Kiongozi wa okestra ndiye aliyeniuliza kwa upole kama nilikuwa ninaumwa, kabla mimi mwenyewe sijatambua. Noti ile ambayo okestra huitumia kupatanisha ala zake hukutanisha nyuzi za sauti mara 440 kwa sekunde. Kwako wewe soprano, mwenye sauti ya juu ya kike, hiyo ni noti ya katikati tu, kwangu ilikuwa kilele. Hesabu dakika za siku nzima ya kuonyesha kwa sauti, halafu uniambie ni nini kinachobaki cha jioni.

Aliyeniponya ni mwanafunzi wangu wa kwanza wa soprano, kwa sababu yeye sikuweza kumwimbia. Nililazimika kunyamaza na kusikiliza. Mwalimu wangu alikuwa akiniambia “fungua koo”, maneno yaliyonifaa kwa miaka mingi, nami nikampa yeye maneno hayohayo kama urithi. Akakandamiza ulimi, sauti ikawa nzito na kushuka chini kidogo ya noti. Wiki tatu nzima nilidhani ni mkaidi, kumbe alikuwa akitii kila nililosema. Nilipomwomba aitamke mistari ileile kana kwamba anamwita mtu aliye mwisho wa ukumbi, kisha aiimbe bila kubadilisha chochote mdomoni, tatizo lilianza kulegea siku ileile.

Nikataka kujua sababu. Tunaimba bila kipaza sauti, na mwanzoni hudhaniwa kwamba anayeipita okestra ni mwenye nguvu zaidi. Sivyo. Nguvu nyingi ya okestra hukaa karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, kisha hupungua kadiri unavyopanda. Sauti ya mwanamume iliyofundishwa vizuri hukusanya mng'ao wake karibu na mitetemo 3000, mahali ambapo okestra imeacha nafasi na sikio la binadamu ni jepesi kusikia. Soprano anapofika juu hutumia njia nyingine: hufungua mdomo zaidi na kuibadilisha irabu ili mwangwi wa kinywa uifuate noti, ndiyo maana maneno yenu ya juu hayaeleweki, na si uzembe kama wasemavyo watazamaji. Basi ushauri wangu wa baritoni haungemfaa msichana yule hata ningeupigia kelele. Bila yeye ningeimba hadi kustaafu bila kujua ninachokifanya.

Na kuhusu kuliaga jukwaa, mfikirie Manuel García, mwalimu mashuhuri wa sauti wa karne ya 19, aliyeacha kuimba opera akiwa bado kijana. Mwaka 1841, mjini Paris, alimpokea Jenny Lind, mwimbaji maarufu aliyefika na sauti iliyochoka kwa maonyesho mengi, na jambo la kwanza alilomwamuru ni kunyamaza kwa wiki kadhaa. Somo lilifuata baadaye. Mwaka 1854 huyohuyo García alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno, kioo cha mkononi na mwanga wa jua akaziona nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifanya kazi. Madaktari walifaidika na kioo hicho kuliko waimbaji, kwani darasani sikio liliendelea kutawala. Lind naye alirudi jukwaani, na mwaka 1883 akawa mwalimu katika Royal College of Music, London. García aliishi miaka 101, kwa hiyo usihofu kwamba kufundisha kunaua.

Kwa hiyo kubali, ila si wanafunzi saba. Omba wanne, na usiwaimbie zaidi ya mstari mmoja kwa somo. Usiweke masomo siku ya onyesho wala siku inayolitangulia.

Linalonitia wasiwasi zaidi si sauti yako bali zao. Wakala akikupigia simu kwamba kuna nafasi ya wiki tano ng'ambo, utakwenda, na ni haki yako. Lakini mwanafunzi wa miaka 19 ambaye umemwondolea namna yake ya zamani ya kupumua, na ile mpya haijakaa, hawezi kuachwa njiani. Mwaka mmoja nilisafiri miezi miwili, nikarudi nikamkuta wangu amejifundisha kusukuma ili afikie aria nzito, wimbo wa mwimbaji mmoja katika opera, aliyojichagulia mwenyewe. Tulitumia zaidi ya mwaka kuliondoa jambo hilo, na lawama sikuweza kumpa yeye.

Hivyo utakapokutana na mkuu wa idara, kabla ya kuzungumzia malipo, uliza ni nani atakayewashika wanafunzi wako ukiwa safarini, na kama unaruhusiwa kumchagua wewe, mtu ambaye masikio yenu yanakubaliana. Kisha omba chumba ambacho piano imewekwa upande utakaokuwezesha kumwona mwimbaji kuanzia kichwani hadi miguuni, maana magoti yaliyokazwa huonekana kabla pumzi haijasikika ikikatika.

Ni mimi baba yako