Kwa mnaoanza kutafuta kampaundi kwenye kuvu za jangwani

Wadogo zangu mlioingia maabara mwaka huu, udongo wa jangwa la Chalbi ukishafika Mombasa, cha kuhofia kwanza ni hewa yetu. Kule Marsabit ulikuwa mkavu na wenye chumvi. Hapa, hasa wakati wa masika, unyevu umejaa na spora za Aspergillus niger zinaelea kila pembe. Basi kila mnapopanda udongo, acheni sahani moja ya agari (jeli ya kuoteshea kuvu) wazi pembeni. Kinachoota humo ni cha Mombasa, na ukungu kama huo ukitokea kwenye sahani ya udongo, utilieni shaka.

Jambo linalokula miezi ya watu ni kugundua kilichokwisha kugunduliwa. Kuvu Aspergillus terreus hupatikana sana kwenye udongo wa majangwa, nayo ndiyo iliyotoa lovastatini, dawa ya kolesteroli iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987. Ukiipata, ujue wengi wameshaipekua. Kwa hiyo kabla hujamaliza lita za ethili asetati, kiyeyusho cha kutolea dondoo, pima dondoo kidogo kwenye spektromita ya masi (mashine inayopima uzito wa molekuli), ulinganishe na kampaundi zinazojulikana. Pima pia dondoo la agari isiyopandwa kitu. Kilele cha masi 391 kwenye grafu ya mashine kikijitokeza huko nako, hiyo ni fthaleti, kilainishi cha plastiki, haikutoka kwenye kuvu. Nimeona watu wakikifurahia kilele hicho, na inauma kuwaambia.

Kuvu ikionekana haina kitu, msiitupe upesi. Jeni zake nyingi hulala mpaka mazingira yaziamshe. Ipandeni kwenye mchele uliopikwa kwa otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo kinachoua vijidudu), kwenye mchuzi wa Czapek (maji ya sukari na madini ya kuoteshea kuvu), kisha kwenye mchuzi huohuo ulioongezwa chumvi. Mchele nauamini kuliko vyote: kuvu hutambaa juu ya punje kwa wiki kadhaa, na mara nyingi dondoo lake hutoka na rangi ambayo mchuzi haukuitoa.

Vibali vya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na NEMA (mamlaka ya mazingira), pamoja na ridhaa ya wenyeji kule, vitafutwe kabla ya safari. Udongo ni wao, na faida ikipatikana wana haki nayo.

Kila kuvu ihifadhiwe kwenye gliserini, nyuzi 80 chini ya sifuri, nakala mbili katika friza mbili zisizotumia laini moja ya stima. Lebo andikeni kwa penseli. Spiriti hufuta wino.