Anakunywa chai, anaongea, na kipimo kinasoma 86

Ujumbe uliingia saa nne usiku:

"Shikamoo dada. Baba yetu ana Covid, leo siku ya nane. Ana miaka 67 na ana sukari. Homa ilishuka jana tukamshukuru Mungu. Ila kale kamashine ka kidoleni kanasoma 86. Anaongea vizuri tu, ameomba chai. Shangazi anasema kamashine ni kabovu. Tusubiri asubuhi?"

Marahaba mdogo wangu. Msisubiri asubuhi.

Hilo nilimjibu palepale. Yaliyobaki nayaandika hapa kwa sababu ujumbe wa namna hii haujakoma. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya Covid tarehe 5 Mei 2023, watu wakasukumia barakoa na vipimo kwenye droo, lakini mapafu ya mzee mwenye sukari hayana habari na tangazo hilo.

Tuanze na shangazi. Hakukosea kukitilia shaka kipimo hicho cha kidoleni, kinachoonyesha asilimia ya oksijeni kwenye damu, kosa ni kwenda kulala na shaka hiyo bila kuipima. Mgonjwa akae atulie dakika 5. Mkono uwe na joto. Ukiwa wa baridi, mpeni akishike kikombe cha hiyo chai aliyoomba. Futeni rangi ya kucha. Piko nyeusi nayo humeza mwanga wa kipimo, kwa hiyo tafuteni kidole kisichopakwa. Kidole kiingie mpaka mwisho, mkono utulie kifuani, asiongee. Namba za sekunde za kwanza msizihesabu, subirini dakika nzima. Halafu angalieni mnasoma namba ipi, maana zipo mbili: iliyoandikwa SpO2 ndiyo oksijeni, nyingine ni mapigo ya moyo, na kila siku kuna nyumba inazichanganya. Mwisho, mtu mzima wa afya akivae kipimo hichohicho. Kikimsoma yeye 97 na mgonjwa 86, kipimo hakina ubovu wowote.

Kuna jambo ambalo watu weusi tunapaswa kulijua. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba vipimo hivi vilishindwa kugundua oksijeni iliyoshuka kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Ngozi nyeusi hukifanya kipimo kisome juu kuliko hali halisi. Kwa hiyo 93 ya babu yako inaweza kuwa chini ya 93, na namba ikianza kuteremka siku hadi siku, mteremko huo ni habari kubwa kuliko namba yenyewe. Walioko Mbeya, Njombe au Nairobi, ambako hewa ni nyepesi, mtu mzima wa afya anaweza kusoma pointi moja au mbili chini ya mtu wa Tanga. Ndiyo maana inafaa kila mzee apimwe akiwa mzima na namba yake iandikwe.

Sasa, inawezekanaje mtu awe 86 na aombe chai? Mwili haupigi kelele sana oksijeni inapopungua. Kinachomfanya mtu ahisi anakabwa ni zaidi ile hewa chafu, kaboni dioksidi, inapojaa. Covid mwanzoni mara nyingi huiacha hewa chafu itoke vizuri huku oksijeni ikishindwa kuingia kwenye damu. Kengele haigongwi. Mgonjwa anatabasamu, ndugu wanafarijika, na moyo na ubongo vinaendelea kunyimwa. Utaratibu ni huu: 95 kwenda juu, uguzeni nyumbani, 93 au 94, ongeeni na daktari siku hiyohiyo, 92 kushuka, ondokeni kwenda hospitali, chini ya 90 ni dharura, hata kama anatania.

Siku pia zihesabiwe sawasawa. Siku ya kwanza ni ile dalili ilipoanza, hata kama kipimo cha Covid kilichukuliwa siku ya nne. Kati ya siku ya 5 na ya 10 ndipo wengi wanaozidiwa huzidiwa, na mara nyingi homa imeshashuka. Kinachoumiza mapafu wakati huo ni kinga ya mwili yenyewe iliyochachamaa, na hiyo haihitaji homa.

Kwa hiyo nunueni daftari. Saa, oksijeni, mapigo ya moyo, pumzi kwa dakika, joto, na kama amekojoa. Mara tatu kwa siku, kisha kuanzia siku ya 5 kila baada ya saa nne, pamoja na mara moja usiku wa manane. Pumzi zihesabuni dakika nzima bila mgonjwa kujua. Mshike mkono kama unayepima mapigo, macho yako yawe kifuani. Akijua anahesabiwa, atapumua kwa adabu. Hadi 20 ni sawa, 24 na kuendelea mjulisheni daktari, 30 ni dharura. Kama akiwa amekaa anasoma 95 au zaidi, atembee hatua 40 humo ndani, mtu akiwa pembeni yake. Namba ikishuka kwa 3, mapafu yameanza kuelemewa. Kipimo hiki cha kutembea msimfanyie aliye tayari chini ya 95, mtamwangusha.

Uuguzi wenyewe wa nyumbani hauna maajabu. Dirisha na mlango vifunguliwe hewa ipite, mhudumu mmoja mwenye barakoa, si ukoo mzima kumzunguka. Parasetamoli ya miligramu 500: vidonge viwili, kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Hapa huharibika kimyakimya, kwa sababu dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, na anayemeza zote mbili anapiga ini bila kujua. Someni pakiti. Anywe kidogokidogo: maji, uji mwepesi, supu, au pakiti moja ya ORS kwenye maji safi ya kipimo kamili kilichoandikwa kwenye pakiti, si kwenye glasi. Dawa za presha na sukari ziendelee isipokuwa daktari aseme vingine, na sukari ipimwe zaidi ya kawaida kwa sababu maambukizi huipandisha.

Na nyungu? Mwaka 2020 na 2021, wakati wengine waliita ugonjwa huu "changamoto ya upumuaji" ili wasitaje jina lake, watu wengi walijifunika blanketi juu ya sufuria la mwarobaini na mchaichai. Mvuke hulainisha kamasi na mtu husikia nafuu ya pua. Hauendi kuua kirusi kwenye mapafu. Anayesoma 90 ukimfungia ndani ya blanketi lenye joto unamchosha na kumhatarisha aungue, na wale walioingia naye wanavuta pumzi yake. Kinachoniuma zaidi ya mvuke ni zile siku tatu za "tumjaribishie kwanza". Vilevile azithromaisini: ni dawa ya bakteria, Covid ni kirusi, na majaribio makubwa hayakuonyesha kwamba inaokoa wagonjwa wa Covid.

Deksamethasoni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ni hadithi nyingine, kwa kuwa hii kweli inaokoa. Utafiti wa RECOVERY wa Uingereza, uliotangazwa Juni 2020, ulitumia miligramu 6 mara moja kwa siku hadi siku 10. Vifo vilipungua kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa kwenye oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia kitu. Sasa mtu anaisoma sentensi ya kwanza anakimbilia duka la dawa. Ukiimeza siku ya pili unaifunga kinga kamba mikono wakati ndiyo kwanza inapambana na kirusi, na sukari ya mgonjwa wa kisukari hupaa. Hospitalini huenda pamoja na kupima sukari mara kwa mara, na wakati mwingine dawa ya minyoo, kwa kuwa kuna mnyoo wa utumboni ambao dawa hii humpa nafasi ya kutapakaa mwilini. Ukiona dawa ya minyoo kwenye cheti cha mgonjwa wa Covid, usidhani wamekosea jina.

Basi mmeamua kuondoka. Pigeni simu kabla ya kuwasha gari, na swali lisiwe "mnapokea wagonjwa?" Ulizeni: mna oksijeni sasa hivi, na barakoa yenye mfuko mnayo? Bodaboda hapana, mtu wa 86 anaweza kuzimia akaanguka. Akisubiri gari, alale kifudifudi kama anaweza: mto mmoja shingoni, mmoja au miwili kuanzia kifuani hadi mapajani, miwili chini ya miundi. Sehemu ya nyuma ya mapafu, ambayo akilala chali hubanwa, hufunguka. Asiwe amekula ndani ya saa moja, na mjamzito wa miezi ya mwisho alale ubavu wa kushoto. Akishindwa kabisa, akae ameegemea. Mfuko wa safari: daftari, dawa zote anazotumia ndani ya pakiti zake, kadi ya bima na kitambulisho, miwani, meno ya bandia, chaja yenye waya mrefu.

Hospitali. Wapo wanaosema "ukiwekewa oksijeni ndiyo safari", na wanao ushahidi wa macho, kwa sababu wanaowaona wakiwekewa wengi wamefika na 60. Oksijeni haikuwaua. Ni dawa, na ina kipimo chake. Mrija wa puani hupeleka lita 1 hadi 5 au 6 kwa dakika. Barakoa ya kawaida lita 6 hadi 10. Barakoa yenye mfuko lita 10 hadi 15, na huo mfuko ndio wa kutazama: ujazwe kabla barakoa haijavalishwa, na ukinywea kabisa kila anapovuta pumzi, muiteni muuguzi. Mgonjwa akitulia, wengi hulengwa 92 hadi 96. Ndugu anayezungusha kitufe ili aone 100 anamaliza mtungi bila faida.

Na mtungi una hesabu. Ule mkubwa mrefu, saizi J, ukijaa una lita 6,800. Kwa lita 5 kwa dakika unakaa saa 22 na dakika 40. Kwa lita 15 ni saa saba na nusu, yaani uliofunguliwa saa tatu usiku unakwisha kabla ya saa kumi na moja alfajiri, wakati wodi nzima inasinzia. Geji ikisoma nusu ya ilivyoanza, lita zimebaki nusu. Anayekesha na mgonjwa asome geji kila saa mbili aandike, na aulize mapema mtungi unaofuata uko wapi na spana iko kwa nani. Si ufidhuli. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa 30 atakushukuru, kama si usiku huo basi kesho yake. Kama ni mashine inayochuja hewa, nyingi huishia lita 5 au 10 na zote zinakula umeme, kwa hiyo ulizeni umeme ukikatika kuna nini.

Mambo madogo ndiyo huangusha. Akila, barakoa hutolewa na namba hushuka hadi 80. Ombeni awekewe mrija wa puani wakati wa uji, na uji uwe kidogo mara nyingi. Kwenda chooni ni hatari kuliko inavyoonekana: mtu anavua barakoa kwa aibu, anatembea hatua 20, anaanguka mlangoni. Aibu iwekwe kando, chupa na beseni vije kitandani. Sindano ya tumboni ya kila siku ni ya kuzuia damu kuganda, msiikatae kwa sababu "hana kidonda". Kulala kifudifudi kuendelee na humo wodini, kwa zamu za nusu saa hadi saa mbili: tumbo, ubavu wa kulia, kukaa, ubavu wa kushoto. Akianza kuona watu ambao hawapo, hajarogwa. Ni ubongo uliochoka kwa homa, dawa na kukosa usingizi. Mvalisheni miwani, mtajieni siku na mahali.

Siku ya kuruhusiwa muulizeni daktari anasoma ngapi bila oksijeni akiwa anatembea, si akiwa amelala. Akirudi na mashine au mtungi nyumbani, jiko la mkaa, mshumaa, sigara, hata chetezo cha ubani, vikae mita 3 mbali. Mafuta ya mgando puani hapana, wala mikono yenye mafuta kwenye rejuleta. Pua ikikauka ombeni jeli ya maji.

Wiki za kwanza aoge ameketi, apande ngazi kwa vituo. Siku akijisikia vizuri asilimbikize kazi za mwezi, maana kesho yake atalala siku nzima. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikichoma ghafla, akikohoa damu, rudini usiku huohuo. Uchovu na ukungu wa kichwa ambao bado upo miezi mitatu tangu augue una jina, Covid ya muda mrefu, na unatibiwa kwa subira ya kliniki. Sukari iendelee kupimwa hata baada ya vidonge vya deksamethasoni kwisha.

Mdogo wangu, shangazi msimwache nyumbani akiwa amenuna. Mpeni daftari na kazi ya kusoma geji. Mtu asiyeamini mashine ndiye atakayeitazama kila baada ya saa mbili.